Kabla baba hajatobolewa fuvu

Maswali ya wasomaji. Anayejibu alipiga picha za CT (za eksirei) na MRI (za sumaku) katika hospitali za Nairobi mpaka alipostaafu, kisha akawafundisha vijana kazi hiyo. Si daktari, na hapendi kuitwa daktari.

SWALI: Mwalimu, hujambo. Baba yangu alikuwa fundi cherehani Gikomba. Ana ugonjwa wa Parkinson, huu mwaka wa kumi. Dawa anameza mara tano kwa siku. Ikishika, mwili unamchezacheza hata kikombe hakishiki. Ikiisha, anaganda kitini mpaka tumnyanyue. Daktari wake wa neva ameshauri upasuaji wa kutiwa waya wa umeme ubongoni, na tumepata barua mbili kutoka India. Hospitali ya Chennai inasema baba atakuwa macho na watasikiliza sauti za ubongo wake. Ya Delhi inasema atalazwa usingizi kabisa na watafuata MRI tu. Kaka mkubwa anasema MRI ndiyo ya kisasa. Dada anasema daktari asiyezungumza na mgonjwa anatoboa gizani. Ploti ya Kitengela tumeshauza, na harambee tumefanya. Tumsikilize nani? Halafu ile MRI tuliyolipia mwaka jana, si tuipeleke hiyo hiyo?
Kitinda mimba, Umoja

JIBU: Kijana wangu, poleni na uuguzi. Nitaanza na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo lililonipa riziki.

MRI ya mwaka jana ibebeni, lakini msitegemee kwamba itatumika kupimia. Ile ilipigwa ili daktari aone kama kuna uvimbe, kiharusi au maji yaliyojaa ubongoni. Kwa kazi hiyo tunakata picha nene, milimita tano hivi kila kipande, na kati ya kipande na kipande tunaruka kidogo ili mashine imalize na aliye kwenye foleni aingie. Sasa kitu wanachokitafuta kwa mgonjwa kama baba yako mara nyingi ni kiini kiitwacho subthalamiki, kipo kimoja kila upande wa ubongo. Urefu wake ni sentimita moja na ushei, na upana wake ni milimita chache. Katika picha za vipande vinene kiini hicho kinaweza kutokea kwenye vipande viwili tu, na kimoja kikawa kivuli. Hakuna mtu mwenye akili zake atakayepima njia ya sindano kwa kivuli.

Kwa upasuaji huu mashine inapangwa vingine. Vipande ni vya milimita moja hivi, bila kuruka, kichwa chote kuanzia utosini. Seti moja inapigwa baada ya mgonjwa kudungwa dawa inayong'arisha mishipa ya damu. Nyingine inapigwa kwa namna inayokionyesha kiini chenyewe: kina madini ya chuma mengi, kwa hivyo kinatoka cheusi. Kazi hii haiharakishwi, na mgonjwa akitikisika picha inaingia mawimbi. Hapo ndipo wengi hukwama. Mzee anaambiwa asimeze dawa tangu usiku, asubuhi anatetemeka mwili mzima, halafu anaagizwa alale tuli ndani ya bomba linalogonga masikio. Nimewaona wazee wakitoka mle wakiomba radhi kana kwamba wametukosea adabu. Basi ulizeni mapema: picha za kupimia zitapigwa baba akiwa na dawa mwilini, au akiwa usingizini? Hospitali iliyozoea wagonjwa hawa haitahitaji kufikiria jibu.

Sasa twende kwenye ugomvi wa kaka na dada. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli.

Upasuaji huu kwa sura yake ya leo ulianzia Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987, pale Alim-Louis Benabid na Pierre Pollak walipotumia umeme wa kudumu katika thalamasi, sehemu iliyo ndani katikati ya ubongo, ili kutuliza mtetemeko. Mwaka 1993 timu hiyo ikahamia kiini cha subthalamiki kwa wagonjwa wa Parkinson walioganda. Wakati huo kiini hakikuonekana vizuri pichani. Walitafuta alama mbili ndogo katikati ya ubongo, wakapima kutoka hapo, wakalinganisha na ramani iliyochorwa kutokana na ubongo wa watu wengine. Ubongo wa fundi wa Gikomba si ubongo wa watu wengine, ndiyo maana ilibidi wasikilize. Waya wenye ncha nyembamba mno unashushwa kidogo kidogo ukiwa umeunganishwa na spika. Ukipita kwenye nyuzi nyeupe, spika inatulia. Ukiingia ndani ya kiini, kelele inafumka ghafla. Daktari anamkunja mgonjwa kifundo cha mkono, na kelele inabadilika. Dawa za usingizi huweza kuzififisha sauti hizo, na tena mtu aliyelala hawezi kusema "mdomo unavutwa" umeme unapojaribiwa. Kwa hiyo dada ana hoja.

Kaka naye hajakosea. Siku hizi kiini kinaonekana. Mwaka 2011 timu ya hospitali ya neva ya Queen Square, London, ilichapisha matokeo ya wagonjwa 79 waliowekewa nyaya kwa kufuata MRI peke yake, bila kusikiliza chochote. Nyaya zilikaa wastani wa milimita 1.3 hivi kutoka mahali palipokusudiwa, na wagonjwa wasipomeza dawa, dalili zao za mwili zilipungua kwa takriban nusu. Uholanzi nako, mwaka 2021, walitoa majibu ya jaribio la wagonjwa 110 waliogawanywa kwa kura, nusu macho na nusu usingizini. Baada ya miezi sita hakukuwa na tofauti ya maana katika akili, hisia na tabia, wala katika nafuu ya mwili. Waliolala walikaa mezani dakika 26 pungufu, na walisema kazi haikuwachosha sana. Ila kaka asikimbilie kushangilia, kwa sababu katika jaribio hilo sauti zilisikilizwa kwa makundi yote mawili.

Macho au usingizi, basi, si jambo la kuwagombanisha ndugu waliokwisha kuuza ploti. Mimi ningeuliza hospitali zote mbili swali moja: mtajuaje kwamba waya umefika pale mlipopanga, na mtajua lini?

Hebu nieleze kwa nini nalishikilia hilo. Kutoka juu ya ubongo mpaka kwenye kiini ni safari ya sentimita saba au nane, na njia nzima daktari haoni kwa macho yake. Ukikosea pembe kwa digrii moja tu, mwisho wa sentimita nane umeshapotea zaidi ya milimita moja. Waya wenyewe una unene wa milimita 1.3 hivi, na mwishoni una pete ndogo za chuma zinazotoa umeme. Ukisogea nje milimita mbili tatu, umeme unamwagikia njia ya nyuzi zinazopeleka amri usoni na mikononi: maneno yanakuwa mazito, shavu linavutwa. Ukienda nyuma, mkono unafanya ganzi na michomo. Ukienda ndani zaidi, macho yanaweza kupinda au mtu akabadilika hisia, akacheka au kulia bila sababu. Wanaorekebisha umeme wa kifaa wanaweza kupunguza nguvu yake ili madhara yapungue, lakini na nafuu inapungua vilevile.

Makosa yanaingilia wapi? Kwanza kwenye fremu. Hospitali nyingi bado hufunga kichwani fremu ya chuma kwa skrubu nne, kwa ganzi. Ile ya Leksell, daktari wa Sweden aliyeitoa mwaka 1949, ndiyo niliyoizoea, ingawa kwetu ilitumika kuchukua vipande vya uvimbe. Juu ya fremu linafungwa sanduku lenye vijiti ubavuni vilivyopangwa kwa umbo la N. Ukikata picha, kila N inaonekana kama doti tatu. Kijiti cha katikati kimekaa mshazari, kwa hivyo doti yake inahama kadiri vipande vinavyoshuka, na kwa kupima imehama kiasi gani kompyuta inajua kipande hicho kiko kimo gani. Kila mahali ndani ya fremu pana namba tatu za milimita, na katikati ni 100, 100, 100. Hakuna namba hasi mle, na aliyewaza hivyo alimjua binadamu wa alfajiri. Namba zikitoka, zinasomwa kwa sauti na mtu mmoja, mwingine anazirudia huku akiangalia vipimo kwenye chuma, na wa tatu anahakiki. Wanafunzi wangu walikuwa wakiona huo ni mchezo wa kitoto mpaka waone mtu akisoma 98 mahali pa 89.

Pili ni picha zenyewe. MRI inaonyesha vizuri lakini inapinda kidogo, hasa kingoni, kwa kuwa sumaku hailingani kila mahali. CT haipindi, lakini kiini haikionyeshi. Hivyo wengi hupiga MRI siku za kabla, asubuhi ya upasuaji wakapiga CT fremu ikiwa kichwani, halafu kompyuta inaziweka picha mbili moja juu ya nyingine. Kompyuta itakwambia zimelingana. Usiiamini. Mtu lazima aangalie kwa macho kama kingo za vyumba vya maji ya ubongo zimekaliana, kama mishipa imekaliana. Hapa ndipo ningependa kujua nani anahakiki, na kama ana haraka.

Tatu, na hili familia nyingi hawaambiwi: ubongo unazama. Fuvu likitobolewa na utando ukifunguliwa, maji yanavuja, hewa inaingia, na kile kiini kilichopimwa asubuhi kinahama. Upande unaofanywa wa pili mara nyingi ndio unaoumia zaidi. Timu nzuri hutoboa kidogo, huziba tundu haraka kwa gundi maalumu, huinua kichwa cha mgonjwa kwa kipimo, na haikai mle ndani muda mrefu pasipo sababu.

Ndiyo maana nauliza habari ya picha ya kuhakikisha. London, MRI ilipigwa fremu ikiwa bado kichwani, ili waya ukionekana umekaa vibaya urekebishwe hapo hapo. Hospitali nyingine zina CT ndani ya thieta. Nyingine hupiga kesho yake, na hiyo pia ni afadhali kuliko kutopiga, ila CT ya mapema ikionyesha hewa nyingi ndani ya fuvu inafaa kurudiwa baadaye, ubongo ukishainuka. Kuna ambao hupiga CT kutafuta damu tu na hawapimi umbali. Hilo sikubaliani nalo hata kidogo. Mwaka 2005 madaktari wa Marekani walichapisha habari za wagonjwa 41 waliofika kwao wakilalamika kwamba waliwekewa nyaya kwingine na hawakupata nafuu. Karibu nusu yao waya ulikuwa umekaa pasipofaa.

Wakati wa kuwaandikia hospitali, msiulize "mna mashine gani?" Watawatumia kijitabu chenye rangi nzuri. Waulizeni wao wenyewe, si vitabu, wana wastani gani wa milimita kati ya palipopangwa na waya ulipokaa. Wanafanya upasuaji huu mara ngapi kwa mwaka? Wakiona waya umekosea milimita mbili au zaidi wanafanya nini, na gharama ya kurudia ni ya nani? Mwombe pia mpewe CD ya picha za kabla na baada, pamoja na karatasi ya vipimo, kwa sababu atakayerekebisha umeme baadaye huenda akawa mtu wa hapa Nairobi, na bila picha hizo ataanza kwa kubahatisha. Chennai wakijibu vizuri, nendeni Chennai. Delhi wakijibu vizuri zaidi, nendeni Delhi. Hospitali itakayokasirishwa na maswali haya imeshawajibu.

Hatari ya kuvuja damu ipo, na mseme nayo wazi nyumbani. Tukikusanya ripoti za hospitali nyingi, mgonjwa kama mmoja katika mia hubaki na ulemavu wa kudumu au hufariki kwa sababu hiyo. Kila sindano ya ziada inayoshuka inaongeza hatari, na shinikizo la damu lililo juu linaongeza zaidi. Zile picha za mishipa zinapigwa kwa ajili hii: njia inachorwa ikwepe mishipa, ikwepe mifereji ya juu ya ubongo, ikwepe na vyumba vya maji. Baba akiwa anameza aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, daktari wake apange lini isimamishwe. Msijisimamishie wenyewe. Na dawa za mitishamba mtaje zote, hata ile mama anayomchemshia kwa siri. Maambukizi nayo huwapata asilimia chache ya wagonjwa, mara nyingi pale betri inayolisha waya inapokaa kifuani.

Bado hujaniambia jambo moja. Dawa ikishika, baba anatembea? Kabla ya upasuaji mgonjwa hupimwa bila dawa, kisha akiwa na dawa. Yale ambayo dawa inayaondoa ndiyo waya utakayoyaondoa, ukiacha mtetemeko, ambao waya huweza kuutuliza hata dawa ikishindwa. Kama anaanguka na kusahau hata dawa ikiwa imeshika sawasawa, umeme hautamsaidia kwa hayo, na milimita zangu zote hazina kazi. Wala ugonjwa hausimami. Anachonunua baba ni saa nyingi zaidi za kuwa mwepesi kwa siku, na kwa fundi wa nguo hilo si dogo.

SWALI: Mwalimu, mume wangu ana betri ya ubongo kifuani tangu mwaka juzi. Nairobi hii huingii mahali bila kupita geti la kukagua chuma na kupapaswa kwa kile kifimbo. Juzi askari wa mall alikisimamisha kifimbo juu ya kifua chake kwa sababu kilikuwa kinalia. Nilipiga kelele hadi watu wakajaa. Nilikosea?
Mama wa wawili, South B

JIBU: Hukukosea, mama, ingawa ungeweza kuokoa koo lako. Mume wako alipewa kadi ya kifaa. Iwe mfukoni kama kitambulisho. Aionyeshe kabla ya kufika getini na aombe kukaguliwa kwa mikono. Akilazimika kupita geti, apite katikati kwa mwendo wake wa kawaida, asiegemee nguzo wala kusimama mle kutafuta simu. Kifimbo kisikawizwe juu ya betri, kwa kuwa kina sumaku. Vilevile yale mageti ya kuzuia wizi kwenye milango ya supamaketi na maktaba: pita, usiote mizizi. Kwa nadra vifaa, hasa vya zamani, huzimika. Mtetemeko ukimrudia ghafla baada ya kutoka dukani, akiangalie kifaa kwa kile kidude chake cha mkononi kabla hamjakimbilia hospitali.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, nina nyaya ubongoni na sasa mgongo unaniua. Kliniki ya mazoezi ya viungo inataka kuniwekea mashine ya joto, na daktari wa mifupa anataka MRI ya kiuno. Niwakubalie?
Mstaafu, Ngong

JIBU: Ile ya joto kataa leo leo. Kuna mashine inayopasha misuli kwa mawimbi, huitwa dayathemi. Mawimbi hayo yananaswa na waya na joto linakwenda kutokea ncha ya waya, ndani ya ubongo. Mwaka 2001 iliripotiwa habari ya mgonjwa wa Parkinson nchini Marekani aliyefanyiwa dayathemi ya taya baada ya kung'olewa meno, akaharibika ubongo vibaya na hakupona. Haijalishi wanaiweka mgongoni au gotini, wala haijalishi betri umeizima. Chupa ya maji moto kiunoni haina shida. Waandikie kwenye faili, kwa herufi kubwa, kwa sababu kijana anayekuhudumia leo siye utakayemkuta wiki ijayo.

MRI ni habari nyingine. Haikukatazwa moja kwa moja, lakini ina masharti ya kiwanda kilichotengeneza kifaa chako, na masharti hayo yanategemea namba ya betri na namba ya nyaya, zote mbili. Vingine vinaruhusu kichwa tu, vingine mwili mzima, na vyote vinataka nguvu fulani ya sumaku na kiwango fulani cha mawimbi. Kifaa kinawekwa katika hali ya MRI kwanza, na vipimo vyako vya umeme vinaandikwa pembeni ili virudishwe baadaye. Nenda na kadi, mwambie mpiga picha kabla hujavua viatu. Akisita, akaomba urudi kesho wakati amesoma masharti, usimnung'unikie. Anayekuingiza bila kuuliza ndiye wa kuogopa. Tena muulize daktari wa mifupa kama CT haitoshi kwa anachokitafuta. Mara nyingi nimeona inatosha.

SWALI: Nimeona video mtu anatetemeka mkono, anaingizwa MRI, anatoka ameacha kutetemeka bila kukatwa popote. Kwa nini watu watobolewe fuvu wakati hiyo ipo?
Wa bodaboda, Kasarani

JIBU: Video ni ya kweli. Ni mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio, yanatoka kwenye kofia yenye vitoa sauti zaidi ya elfu moja na kukutana kwenye nukta moja ya thalamasi. MRI inapima joto la nukta hiyo papo hapo, wanaipasha kidogo kwanza, wanamwambia mgonjwa achore duara, wakiridhika wanaichoma. Marekani waliiruhusu kwanza mwaka 2016 kwa mtetemeko uitwao essential tremor, ambao mara nyingi hurithiwa na si Parkinson. Tofauti ni kwamba kilichochomwa kimechomwa. Waya ukikosea unaweza kuuzima, kuusogeza au kuutoa. Tena kwa kawaida huanzwa upande mmoja, kwa sababu kuchoma pande zote mbili kunaweza kuharibu matamshi na mizani ya mwili. Kwa mzee asiyeweza kustahimili upasuaji, mimi naiona njia nzuri. Kwa fundi wa Gikomba aliyeniandikia hapo juu, ambaye pande zote mbili zinaganda, nisingeanzia huko. Na mafuvu mengine hayapitishi mawimbi vizuri, jambo linalojulikana kwa CT kabla ya siku yenyewe.

SWALI: Kila mwezi mnatuandikia mambo ya matajiri. Mama yangu ana Parkinson na hata tembe zake tunanunua kwa kuhesabu. Waya wa mamilioni unamhusu nini mtu wa Mathare?
Aliyechoka kusoma

JIBU: Umenipata, na sitajitetea sana. Wagonjwa wengi wa Parkinson hapa mjini hawahitaji waya. Wanahitaji levodopa, ile dawa kuu ya Parkinson, kila siku, kwa saa, bila kukatika. Fahamu kwamba mara nyingi anayeambiwa dawa imemkataa, imekataliwa na ratiba: anameza leo asubuhi, kesho adhuhuri, kesho kutwa hamezi kwa sababu imeisha. Usimwachishe ghafla hata kama fedha ni chache. Kuisimamisha ghafla kunaweza kumletea homa na ukakamavu wa hatari. Bora uzungumze na daktari kuhusu dozi na aina ya bei nafuu kabla kopo halijafika mwisho.

Kuna watakaokwambia habari za upupu. Ndiyo, ule ule tuliorushiana shuleni tukajikuna mpaka machozi. Mbegu zake zina levodopa kweli, na watafiti wameujaribu kwa wagonjwa. Lakini kiasi kilichomo kinatofautiana sana kati ya mbegu na mbegu, na ukichanganya na tembe mama anaweza kuzidiwa, akaanza kutapika au kuona vitu visivyokuwepo. Usimpe bila daktari kujua.

Lisilogharimu senti ni hili: protini na levodopa hugombania mlango mmoja tumboni, na protini hushinda. Mpe tembe nusu saa kabla ya kula, kwa maji, hasa kama sahani ina nyama, mayai au maharagwe. Kama kichefuchefu kinamsumbua, kipande cha mkate mkavu au muhogo kidogo kinaruhusiwa. Maziwa yasubiri. Weka kengele kwenye simu, andika kwenye daftari saa aliyomeza na saa aliyoanza kuganda, kwa wiki moja hivi, halafu mpeleke daktari daftari lile.